Wakuu msaada: pikipiki ya matairi matatu, betri inazingua na mkanda wa nyuma unalia

Mmatumbi wa Baridini:
Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada najua humu kuna mafundi na madereva wa kila aina ya chombo.

Mimi niko Minnesota huku Marekani mwaka wa tisa sasa, kazi ya usiku kulea wazee. Mwaka jana mwezi wa kumi nikanunua kwa mzee mmoja jirani pikipiki ya matairi matatu, Can-Am Spyder RT ya 2012. Kwa wasioijua ni kama bajaji iliyogeuzwa, mawili mbele moja nyuma, injini ya Rotax silinda mbili, ina mpaka rivasi. Nyuma haina cheni wala shafti, inavutwa na mkanda mpana wa meno. Mzee aliuza sababu ya magoti tu, chombo alikitunza.

Sasa nimeiendesha wiki mbili tu baridi ikaingia, nikaiegesha gereji nikaifunika turubai, sikugusa mpaka juzi mwezi wa nne. Kupiga stata inasema tik tik tik basi. Nikapima betri volti 9.4. Nikaichaji usiku kucha asubuhi ikawaka kwa kujivuta sana, ila skrini imejaa mataa ya njano, usukani mzito, na chombo kinagoma kukimbia kimeingia ile hali ya kujikongoja. Nikizima nikiwasha tena kuna mda inakubali fresh kabisa kuna mda inarudi kule kule.

La pili mkanda. Nilipoendesha niliusikia unalia mwiiii mwiiii kama panya kabanwa, na kwenye spidi ya maili 65 kwa saa hivi miguu inatetemeka. Nikasema umelegea huu. Nikaangalia video, nikalegeza nati kubwa ya ekseli nikakaza zile bolti mbili za kurekebishia huku na huku raundi mbili mbili kila upande ili ziwe sawa. Mlio umebadilika sasa unavuma mfululizo na ringi ya nyuma imejaa vumbi jeusi. Duka la karibu wameniambia nisubiri wiki 3 ndo waiangalie. Jua lenyewe huku la kuazima, naombeni ushauri.

Chizi Spana:
Mkuu kwahiyo umetoka Bongo ukimkimbia bajaji, umefika Marekani umemnunua tena ila kageuka 😂😂

Dada wa Chanika:
Picha kwanza mleta uzi, hatuwezi kushauri kitu hatujakiona.

Kijiwe cha Boda:
Mlio wa hivyo ni ukavu tu. Paka oili chafu mkanda wote, zungusha tairi, futa ziada. Mimi cheni yangu kila jumamosi na haijawahi kunisumbua.

Mkulima wa Alberta:
Aaah HAPANA mkuu usimpoteze mwenzio. Cheni ni chuma kwa chuma inataka oili, ule mkanda ni mpira wenye nyuzi ngumu ndani, ukiupaka oili unateleza, unakusanya mchanga na mpira unalainika. Mmatumbi usipake chochote. Ukiona vumbi osha kwa maji na sabuni kidogo acha ukauke.

Mimi nina ya kwako hiyo hiyo mwaka wa nne huku Kanada, mkanda nimeurekebisha mwenyewe mara tatu na mara ya kwanza nilifanya ujinga wako huo huo. Raundi mbili?! Mkuu pale unacheza na robo raundi, tena mara nyingi chini ya robo. Umeukaza mpaka beringi zinalia, huo mvumo mpya ndo wenyewe. Leo hii legeza, usiendeshe hivyo hata kwenda dukani.

Pia hilo la kukaza sawa kwa sawa lina mtego. Wewe umeongeza raundi mbili kila upande lakini nani kakuambia mwanzo ekseli ilikuwa imenyooka? Ilikuwa imepinda kidogo, umeisogeza nyuma ikiwa imepinda vile vile. Hilo vumbi jeusi ni ubavu wa mkanda unajisugua kwenye ukingo wa gia ya nyuma. Piga tochi uangalie pembeni mwa mkanda utaona.

Dereva wa Rangi Tatu:
Mleta uzi pole. Mimi naendesha bajaji Mbagala mwaka wa kumi na moja huo, hiyo yako siijui lakini umeme ni umeme. Mkanda waachie wenzangu, mimi naongea betri.

Inakubali, inakataa, inakubali. Betri iliyokufa haina tabia hiyo mkuu, betri iliyokufa imekufa. Kitu kinachokubali na kukataa ni kiungio. Nina uhakika asilimia tisini kuna waya umelegea au umeota ukungu, na nianze kukuambia utakuwa ule wa hasi. Kila mtu anakimbilia chanya kwasababu ndo mwekundu.

Una mita? Na ulipima ikiwa imepumzika au umetoka kuchomoa chaja sasa hivi? Maana ukitoka kuchomoa chaja hata betri mbovu inasoma 13 inakudanganya.

Fundi Umeme Mstaafu:
Namuunga mkono dereva ila niongeze. Betri ya asidi na risasi iliyoshuka mpaka 9.4 ikakaa hivyo miezi imeshaumia, risasi inaota chumvi ngumu ndani. Angalia kwanza ubavu wake kama umetuna. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, iliyoisha inaganda kama maji tu, na ikishaganda usiichaji, itupe.

Kama haijatuna ijaze, chomoa chaja, iache masaa 12 ndo upime. 12.6 kwenda juu ni nzuri, 12.2 hiyo ni nusu, chini ya 12 haina kitu. Kisha pima wakati mtu anapiga stata, ikishuka chini ya 9.6 ni mgonjwa. Ikishawaka pima tena, ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 basi mfumo wa chaji mzima usiugombeze.

Hayo mataa usiyaogope sana. Chombo cha hivyo kina kompyuta kadhaa, ya injini, ya breki, ya usukani, volti ikiyumba kila moja inapiga kelele za kwake. Watu wanabadilisha mota ya usukani kumbe betri.

Mmatumbi wa Baridini:
Asanteni sana wakuu, kweli humu kuna watu. @Dada wa Chanika picha ntaweka. @Chizi Spana we endelea tu.

Betri haijatuna, gereji imeshikana na nyumba haigandi sana. Nimeichaji jana, nikaiacha, asubuhi hii inasoma 12.6. Mke wangu kapiga stata imeshuka 10.8 mwisho. Kwa vipimo vya mzee hapo juu betri nzuri si ndio? Sasa mbona inajivuta?

Na mkanda nimeangalia na tochi. Upande wa ndani umechanikachanika nyuzi zinatoka kama pindo la kanga kuukuu. Sio sana ila zinaonekana. Moyo umeniuma.

Dereva wa Rangi Tatu:
SAFI. Ngoja nikupe kipimo nilichofundishwa na fundi mmoja wa Zakhem, tangu nikijue sijawahi kununua betri kwa kubahatisha.

Waya mweusi wa mita gusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe ile risasi, sio kile kichwa cha waya kilichofungwa juu yake. Waya mwekundu weka kwenye chuma cha injini sehemu nyeupe isiyo na rangi. Mwambie shemeji apige stata. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.2 sio mbaya. Ikisoma nusu volti au zaidi ujue umeme unapotelea njiani. Halafu unafupisha safari, mweusi unabaki kwenye nguzo, mwekundu unasogeza kwenye kile kichwa cha waya hapo hapo juu ya nguzo. Kama volti bado zipo umeshamkamata mwizi, yuko kati ya hivyo vitu viwili unavyoona vimegusana.

Ukimaliza fanya hivyo hivyo upande wa chanya mpaka kwenye mota ya stata.

Kijiwe cha Boda:
Kwahiyo mi na oili yangu ndo nimeachwa hivi hivi 😅

Mkulima wa Alberta:
Oili yako itunze kwa cheni yako kaka.

Mmatumbi, nyuzi chache pembeni sio mwisho wa dunia ila kagua mkanda wote taratibu, meno yote, zungusha tairi mzunguko mzima. Ukiona jino limekatika au ufa chini ya jino, au tundu la kokoto lililotokeza upande wa pili, huo badilisha hamna mjadala.

Sasa kurekebisha. Inua nyuma kwa jeki tairi likae hewani, zuia matairi ya mbele, weka nyutro, na breki ya maegesho uitoe maana ni ya umeme na inashika nyuma. Funguo weka mfukoni kabisa. Tairi unalizungusha kwa mkono TU. Kuna jamaa huku alitaka kuharakisha akawasha injini akatia gia chombo kikiwa kwenye jeki, sitaki hata kuhadithia kidole chake.

Legeza nati ya ekseli, rudisha zile bolti zako. Nunua kageji kadogo ka plastiki ka kupimia mkazo wa mkanda, bei ya pizza. Namba ya mkazo chukua kwenye kitabu cha mwaka wako usichukue ya mtu mtandaoni, zinatofautiana. Pima sehemu tatu nne ukizungusha tairi maana gia haiko duara kamili, kuna pahala mkanda unakaza kuna pahala unalegea, wewe unafuata pale panapokaza zaidi.

Kunyoosha ndo kazi yenyewe. Mkanda unakimbilia upande uliolegea. Kwako unasugua ndani, kwahiyo kaza kidogo sana bolti ya upande huo wa ndani, zungusha tairi mbele raundi nyingi, angalia umesogea wapi, halafu zungusha kinyumenyume uangalie tena. Unataka kuona upenyo mdogo kama unene wa kadi ya benki kati ya mkanda na ukingo wa gia. Kwenda mbele na kurudi nyuma hautakaa pale pale, unatafuta pahala ambapo kote haugusi kwa nguvu. Mimi ilinichukua masaa mawili na redio.

Na ukishakaza nati ya ekseli kwa spana ya kipimo, PIMA TENA. Ile nati ikikazwa mkanda nao unajikaza, ndo maana watu wanamaliza wanafurahi kesho unalia.

Ule mtetemo wa maili 65 usiufukuze kwa kukaza. Ule ni upande wa chini wa mkanda unapigapiga kama uzi wa gitaa, karibu zote zinao kiasi. Ukikukera sana kuna kagurudumu kadogo (rola) kanafungwa kanauegemea mkanda, unatulia.

Dada wa Chanika:
Nasoma tu kama nina hiyo pikipiki. Hapa nina bajaji ya marehemu baba imelala uani mwaka wa pili, kesho naenda kuipima hiyo hasi.

Mmatumbi wa Baridini:
Wakuu NARUDI.

Nguzo mpaka injini: 1.6. Nguzo mpaka kichwa cha waya, sentimita moja haifiki: 1.3!! Nikafungua. Yule mzee alifunga waya wa ile chaja ya kuacha imechomekwa baridi nzima kulinda betri, pete yake kaiweka chini ya kichwa cha waya mkubwa, na bolti ikawa fupi haifiki mwisho. Niliifungua kwa vidole wakuu, kwa vidole. Katikati kuna utando wa kijivu kama majivu ya sigara. Nimesugua na msasa mpaka risasi ikang'aa, nikaweka waya mkubwa chini pete ndogo juu, bolti ndefu kidogo. Kupima tena 0.15. Kupiga stata imeamka kabla sijamaliza kubonyeza. Ikiwaka inasoma 14.1, mataa yote yamezima, usukani mlaini kama wa wife.

Yaani chaja ya kulinda betri ndo imeleta balaa, na mimi nayo majira yote ya baridi sikuichomeka hata siku moja.

Mkanda nimelegeza, kageji kamefika alhamisi. Kabla sijalegeza ningekaweka nadhani kangevunjika. Nimehangaika kama mlivyosema, mara unasugua ndani mara nje, saa ya tatu ndo ukakaa. Meno yote mazima. Nimepiga maili 40 leo, mlio hamna, ringi safi. Mtetemo wa 65 upo kidogo, naenda 60 basi.

Fundi Umeme Mstaafu:
Vizuri sana. Hiyo betri itakufikisha kiangazi lakini mwezi wa kumi ipime tena siku mbili baada ya chaja, ikishindwa kushika 12.5 nunua nyingine usiingie nayo baridini.

Mkulima wa Alberta:
Maili 300 hivi zikifika rudia kipimo cha mkanda na uangalie ule upenyo. Ukiwa haujahama achana nao.

Dereva wa Rangi Tatu:
Nilisema hasi au sikusema 😂 Sasa mkuu hiyo mita yako ni ya aina gani, maana ya kwangu abiria kaikalia, na ukija likizo mwezi wa kumi na mbili begi si litakuwa na nafasi?

Dada wa Chanika:
Jamani mimi ya kwangu imesoma 2.4, nimefungua waya wa hasi umekatika ndani ya plastiki yake wote kabaki uzi mmoja. Huu waya mnanunua wapi kwa hapa Gongo la Mboto?