Mjadala: Jiografia ifundishwe kwa ramani za kidijitali, au karatasi inatosha?

Mwalimu wa Jiografia, Temeke

Wadau wa elimu, habari za jioni. Naleta hoja, naomba tuijadili bila kuogopana. Sekondari zetu hapa Dar es Salaam zianze kufundisha usomaji wa ramani kwa ramani za kidijitali na picha za setilaiti, na ramani ya kwanza ambayo mwanafunzi ataifungua iwe ya kata yake mwenyewe.

Zile ramani za topografia za 1:50,000 ambazo wengi tulizisomea ni nzuri mno zikiwa na rangi zake: kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kahawia, mito ya buluu, misitu ya kijani. Tatizo ni kwamba yenye rangi haifiki darasani. Inafika fotokopi ya fotokopi. Hapo kontua ni nyeusi, mto ni mweusi, na njia ya miguu nayo nyeusi. Unamwambia mtoto wa kidato cha tatu afuate mto, anafuata kontua kwa kidole mpaka pembeni mwa karatasi, halafu tunasema hajui ramani.

Sasa chukueni kishikwambi. Vile vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi kwisha, kwa hiyo tusiseme hatuna pa kuanzia. Fungua picha ya setilaiti, tafuta Jangwani, kisha ufuate Mto Msimbazi kurudi unakotoka: Kigogo, Vingunguti, Kinyerezi, hadi vilima vya Pugu na Kisarawe. Ukiwasha sura ya miinuko, mtoto anaona mwenyewe kwa nini mvua ya Kisarawe inamfikia mtu wa Magomeni hata kama kwake limeanuka. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Kwa mtoto wa Dar hiyo ndiyo jiografia, na fotokopi ya bonde la mkoa mwingine haimfundishi.

Mwalimu mstaafu, Ilala

Mwalimu, nimekusoma na nakuheshimu, ila sikubaliani nawe.

Ramani ya karatasi inamfundisha mtoto skeli, yaani uwiano wa umbali wa kwenye ramani na ule wa ardhini, kwa mikono yake. Anachukua uzi, anaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, anaunyoosha kwenye rula, anapiga hesabu. Kwa ramani ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Akishafanya hivyo mara kadhaa, umbali unamkaa kichwani. Kwenye kioo anagusa sehemu mbili na mashine inamtajia jibu. Tena kila akivuta kwa vidole viwili, skeli imebadilika. Mtoto huyo ukimwuliza skeli ni nini, atakujibu nini?

Jambo la pili. Ramani nyingi za mtandaoni zimechorwa kwa kufuata mtindo wa mchora ramani Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Humo Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Mtoto wa Kiafrika anaangalia bara lake likiwa limepunjwa, na hakuna wa kumwambia.

La mwisho ndilo zito: mtihani wa taifa. Mwanafunzi anakuta ramani ya karatasi mezani, ana rula na uzi. Mwalimu anayetumia vipindi vyake kuvinjari setilaiti anamwandaa mtoto wa nani?

Mzazi, Vingunguti

Shikamooni walimu wangu. Mimi si msomi wa ramani, nina vijana wawili sekondari.

Simu wanafunzi hawaruhusiwi kwenda nazo shuleni. Kishikwambi ni kimoja, cha mwalimu, na darasa limejaa mpaka wengine wanakaa watatu kwenye dawati moja. Walio nyuma wataona nini? Na bando ni la nani? Shule za kulipia zina vyumba vya kompyuta, wao watasonga. Hao watoto wa mabondeni mnaowataja ndio watakaofikiwa mwisho.

Nina lingine ambalo nyie hamjaligusa. Kwetu mtu akija na ramani tunashtuka. Mwisho wa mwaka 2015 bonde la Msimbazi lilipitiwa na bomoabomoa, nyumba zikachorwa X nyekundu. Leo mnataka mwanangu apite mtaani na kifaa akiandika nyumba ipi iko karibu na mto. Majirani watanielewaje? Naomba nijibiwe hili kwa uzito wake.

Aliyewahi kuchora ramani mitaani

Marahaba mama. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wa chuo tulioingia mitaani chini ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar inayokumbwa na mafuriko, ulioanza mwaka 2015. Naomba niseme nilichokiona.

Tulikuwa hatupiti peke yetu. Tulipita na wenyeji wa mtaa, waliokubaliwa na ofisi ya serikali ya mtaa. Mitaro tuliipima upana na kina, tukaandika upi umejaa taka na upi umeziba. Kisha tunabisha hodi, tunamwuliza mwenye nyumba: maji yalifika wapi? Kuna bibi mmoja alitutoa nje akaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Tukapima hapo kutoka chini, tukaandika. Setilaiti haina habari hiyo, na hata droni iliyopiga picha za mtaa ule haikuwa nayo.

Ndiyo maana kwangu kumwonyesha mtoto ramani kwenye projekta ni nusu ya kazi. Mwache aitengeneze. OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inaruhusu mtu yeyote kuongeza kilichokosekana: kisima, kichochoro, kivuko cha miguu.

Kuhusu bando: programu kama OsmAnd unapakua ramani ya nchi mara moja, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Na picha za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za dunia, zipo tangu mwaka 1972, zimekuwa za bure tangu 2008. Ziwekwe sambamba, za zamani na za leo, mtoto aone Mbagala na Tegeta zilivyomeza mashamba. Hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kumwonyesha hivyo.

Mwalimu wa Jiografia, Temeke

Asante mkuu. Niwajibu waliotangulia.

Mwalimu wangu wa Ilala, uzi na rula vibaki. Sijasema vitupwe. Ninachotaka ni uzi huo ulazwe juu ya ramani ya kata ya mtoto, iliyochapishwa kutoka kwenye data hizo hizo za bure, ya rangi, kubwa ya kutosha darasa zima kuizunguka. Akishapima, aende kwa miguu ahakikishe. Hilo pia linampunguzia mama wa Vingunguti hofu ya kishikwambi kimoja. Kosa la Greenland liko hata kwenye ramani za ukutani tulizokua nazo. Kwenye kishikwambi unazungusha tufe, mtoto analinganisha mwenyewe mabara yalivyo kweli.

Hoja ya mtihani naikubali kwamba ni ukuta. Lakini mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika 2024 na unasisitiza ujuzi. Basi na swali la ramani lipime ujuzi: mpe mtahiniwa kipande cha mji chenye kontua na mitaro, mwulize zahanati ijengwe wapi na aeleze sababu. Karatasi ileile, rula ileile.

Mama, la X nyekundu umenigusa. Ningependa mwanao ajue ramani inachorwa na nani, kwa ajili gani, na mwenye nyumba ana haki gani ya kuuliza. Zoezi la darasani liishie kwenye vitu vya wote: mitaro, vivuko, visima, njia za kukimbilia maji yakija. Nyumba za watu zisiguswe, na mwenyekiti wa mtaa aarifiwe kwanza. Kwa sharti hilo ungemruhusu?

Mzazi, Vingunguti

Kwa mitaro na vivuko, namruhusu. Ila barua ya shule ije na muhuri, na hiyo ramani ikimalizika nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa tuione wote. Sijasikia bado nani atalipia uchapishaji.

Mwalimu mstaafu, Ilala

Na mimi naongeza langu. Kabla kishikwambi hakijawashwa, kila mtoto achore kwa penseli njia ya kutoka kwao hadi shule, akionyesha kaskazini na skeli yake. Asiyeweza hilo, mashine haitamsaidia. Gharama za kuchapisha zipelekwe kwenye kikao cha bodi ya shule, siyo kwa wazazi.