Naomba ushauri: monita za masikioni za BA zinakosa uzito wa besi

Habari zenu ndugu wanakikundi. Naombeni msaada. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya kanisa hapa Ntinda, Kampala. Natumia monita za masikioni zenye draiva 4 za BA (spika ndogo sana za aina ya balanced armature) kila upande, zimechomekwa kwenye pakiti ya wayalesi (kipokea sauti) inayovaliwa kiunoni.

Sauti za waimbaji na gitaa ziko safi kabisa. Shida ni waya wa E, ule wa Hz 41: noti naisikia, lakini haina mshindo na inakatika upesi. Monita za bei nafuu zenye draiva moja ya dainamiki (yenye kiwambo kinachotetemeka, kama spika ya kawaida) ya mm 10 zinanipa uzito huo vizuri, ila ngoma zikishika kasi, besi inafunika sauti ya kiongozi wa waimbaji.

Kwenye zile za BA nimebadilisha vizibo vya silikoni nikaweka vya foamu, saizi kubwa. Nikizibonyeza kwa kidole besi haiongezeki, kwa hiyo sidhani hewa inavuja. Nimepandisha besi kwa dB 6 kwenye Hz 60. Draiva zikaanza kukwaruza. Kinachonichanganya zaidi: nikizichomeka kwenye simu, besi inajaa kidogo kuliko kwenye pakiti, wakati zile za dainamiki hazibadiliki.

Je, hiyo ni impidansi (ukinzani wa umeme) ya pakiti kuwa juu mno kwa BA? Na kwa shilingi 600,000, haibridi (monita mchanganyiko) yenye dainamiki ya besi na BA za sauti za juu itanipa mshindo bila kufunika waimbaji? Aliyewahi kuzitumia jukwaani anisaidie tafadhali.