Mshale wa spidomita unarukaruka kwenye Eunos Roadster ya 1992: ni kebo, mita au tairi?

Roadster_Ntinda
Wakuu, naombeni msaada. Gari ni Eunos Roadster ya 1992, ile Mazda MX-5 ya kwanza, injini 1.6, gia za mkono. Kati ya 20 na 50 mshale hautulii: unaruka 35 hadi 55 na kurudi, na nyuma ya dashibodi kuna tik-tik. Ukivuka 70 unatulia, ila unadanganya. GPS ya simu ikisema 80, mshale uko 72. Tairi ni 185/70R14, zilifungwa ili tumbo lisikwaruze kwenye mashimo. Klachi ilibadilishwa miezi miwili iliyopita. Fundi anasema ninunue mita nzima (spidomita yenyewe) iliyotumika pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Nitoe hela?

KeboNaGia
Usitoe bado, ssebo. Una matatizo mawili, pengine matatu, na mita mpya huenda isiguse hata moja.

Anza na odomita, maana yenyewe haina ujanja. Namba za kilomita zinasukumwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye kebo. Mshale haushikwi na kitu: sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha alumini, inakivuta bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Kwa hiyo kilomita zikiwa sahihi na mshale una makosa, ubovu uko ndani ya mita. Vyote viwili vikikosea kwa kiwango kilekile, tafuta kwenye tairi, gia ya spidi (ile ya giaboksi inayozungusha kebo) au difu. Vyote vikisimama pamoja, kebo imekatika au hiyo gia ya spidi, ambayo ni ya plastiki, imelika meno.

Nenda barabara ya Entebbe Expressway, weka tripu (kihesabu cha safari kwenye mita) sifuri, tembea kilomita 20 za GPS, kisha soma. Tairi ya kiwandani ya gari hilo ni 185/60R14, kipenyo chake milimita 578. Yako ni 615. Umeongeza asilimia 6.4, kwa hiyo natarajia odomita iseme 18.8. Ikisema hivyo, tairi ndiyo mwizi wa kilomita, na kebo haitelezi.

Sasa huko kuruka. Hiyo ni kebo, na klachi ndiyo inayonitia shaka. Giaboksi ikishushwa, kebo huachwa ikining'inia, ikirudishwa inapitishwa popote, klipu inabaki sakafuni. Ikikunjwa sana, waya wa ndani unakwama, unajisokota kama kamba, halafu unajiachia ghafla. Mshale unaruka kila unapojiachia, na tik-tik unayosikia ni hiyo hiyo. Kwenye mwendo mkubwa waya hauna nafasi ya kukwama, ndiyo maana unatulia.

Lala chini ya gari (stendi, si jeki peke yake) ufuate kebo yote kwa mkono. Haitakiwi kupinda kwa nusu kipenyo chini ya sentimita 15: mpindo uwe mpana kama sinia, si kama kikombe. Isiguse bomba la ekzosi, joto linakausha grisi na kuyeyusha ganda.

Kisha ichomoe juu kwenye mita na chini kwenye giaboksi, vuta waya wa ndani. Ukikataa kutoka upande mmoja jaribu mwingine. Kebo nyingine zimefungwa ncha zote, hizo hubadilishwa nzima. Ufute kwa kitambaa na petroli. Ushike kwa ncha mbili uning'inie kama herufi U, mikono ikiachana sentimita 15 hivi, uzungushe ncha moja polepole kwa vidole. Ncha ya pili inatakiwa ifuate bila kusita. Ikisita halafu ikaruka, hapo umeona mshale wako kwa macho. Usiunyooshe, tupa. Angalia pia ncha za mraba: pembe zikiwa mviringo, zitateleza.

Ukirudisha, paka grisi laini kidogo kwenye theluthi mbili za chini. Sentimita 20 za juu ziache kavu kabisa. Na ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu isikaribie hapo: inaosha grisi na kutambaa hadi kwenye mita.

MzeeWaMita
Naunga mkono, ila nyote mmeruka hesabu moja. Tairi peke yake ingefanya 80 isomeke 75. Yeye anasoma 72. Tena mita za kiwandani hutengenezwa zizidishe kidogo, hazipunguzi. Kanuni ya magari ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mshale kusoma chini ya mwendo halisi. Kuna asilimia 4 au zaidi inayopotea ndani ya mita.

Ipime mezani. Kiwango cha Japani ni mizunguko 637 ya kebo kwa kilomita, yaani mizunguko 637 kwa dakika ni 60 km/h. Kata kipande cha waya wa kebo ya zamani chenye ncha ya mraba, kifunge kwenye drili, uizungushe mita. Mizunguko 500 isome 47, 1000 isome 94. Kasi ya drili ipime kwa takometa ya mwanga (kifaa cha kuhesabu mizunguko), usiamini kibandiko. Mshale ukijibana kwenye sifuri, geuza drili izunguke upande wa pili.

Linganisha makosa ya mahali pawili. Ukikosa kilomita zilezile kila mahali, tuseme 4 kwenye 47 na 4 kwenye 94, mtu aliwahi kuung'oa mshale na kuurudisha vibaya. Makosa yakikua kadiri mwendo unavyokua, sumaku imechoka au springi imeguswa. Springi hiyo usiipinde kwa koleo, tafadhali. Wengi wameua mita nzima hapo.

Ukikuta oili ndani ya mita, imepanda kutoka giaboksi kwa kupitia kebo, waya unaipandisha kama skrubu. Hapo oil sili (mpira wa kuzuia oili) ya gia ya spidi imechoka. Oili kati ya sumaku na kikombe huvuta mshale juu, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo lako, kwa kuwa mshale wako unasoma chini, lakini tazama. Ikilia kwi-kwi asubuhi, tone moja la oili ya cherehani kwenye bushi linatosha.

Nyekundu_Mbarara
Yangu ni ya 1999 na haina kebo. Mshale unakufa kwenye mvua.

MzeeWaMita
Hiyo ina sensa kwenye giaboksi. Fungua plagi yake, tafuta kutu ya kijani na waya uliolika. Sensa ya nyaya mbili, weka mita ya umeme kwenye AC, inua magurudumu ya nyuma uyazungushe: volti zipande na mwendo. Ya nyaya tatu lazima kwanza ipate umeme na athi. Ikiwa ni nzima, angalia lehemu zilizopasuka nyuma ya mita.

Roadster_Ntinda
Matokeo. GPS 20, odomita 18.8. Kebo ilikuwa imekunjika kiganja kimoja kutoka giaboksi, klipu haipo kabisa. Waya wa ndani ulisita kwenye jaribio la U. Juu hakuna oili. Drili 500: mshale 45. Drili 1000: mshale 90.

KeboNaGia
Kebo mpya na klipu, umemaliza kuruka. Tairi, rudisha 60. Ukizipenda hizi ndefu, toa gia ya spidi uhesabu meno: kama ina 21, yenye 20 itaongeza mizunguko kwa asilimia 5. Ukiitoa weka oringi mpya, na oili kidogo itamwagika.

MzeeWaMita
Makosa ya 2 kwenye 47 na 4 kwenye 94: sumaku au springi, si mshale. Kwa tairi za 60, mwendo wa kweli wa 80 utasomeka 77 hivi. Inapunguza, na kamera haijali mita yako inasemaje, kwa hiyo ama mpelekee mrekebishaji wa mita mwenye kifaa cha kurudishia sumaku nguvu, ama bandika alama ndogo kwenye kioo. Ukienda Kisekka, nenda na drili na kile kipande cha waya. Mita isiyosoma angalau 94 kwenye 1000 usiilipie. Na andika kilomita za mita ya zamani kabla hujaifungua, mnunuzi wa gari lako atauliza.