Nipo kwenye mashine na usingizi umenikimbia. Dawa gani inatufaa?

Fundi wa Mlandizi

Habari za usiku wanajamvi. Naandika saa nane, wenzangu wote ndani wamelala.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za kina mama hapa Mlandizi. Presha ndiyo iliyoniua figo. Sasa nasafisha damu kwa mashine Dar, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, shifti ya kwanza. Shifti ya kwanza maana yake saa tisa na nusu usiku niko barabarani nasubiri gari, na saa kumi na mbili asubuhi nimeshachomwa sindano zote mbili.

Nikijilaza tu, miguu inaanza. Siyo maumivu na siyo ganzi. Ni kitu kinatambaa kwa ndani, kuanzia gotini kushuka, na hakitulii mpaka nitikise mguu au niinuke nitembee. Mke wangu anasema hata nikisinzia miguu inaendelea kukanyaga kama niko kwenye cherehani. Amehamia chumba cha watoto, simlaumu. Miguu ikitulia unakuja muwasho, mgongoni na kwenye mikono. Nikigeukia upande wa fistula, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine, nasikia mkono unavuma ndani ya mto, vuu, vuu, vuu, kwa kufuata mapigo ya moyo. Basi nalala nausikiliza.

Usiku wa Jumapili ndio mbaya kuliko zote. Kifua kinakuwa kizito, nikilala chali pumzi haitoshi, naongeza mito, mwishowe nahamia kwenye kochi nakaa wima mpaka muda wa gari. Asubuhi nikipanda mizani nimeongezeka kilo nne. Uzito wangu mkavu, yaani ule wa baada ya mashine kutoa maji ya ziada, ni 61, huohuo tangu mwaka jana, ingawa mwili umepungua. Suruali zangu zote nimezibana kiuno mwenyewe.

Ninachotumia: vidonge vya presha, Piriton mbili usiku kwa ajili ya muwasho, na kidonge cha kukojoa, maana mkojo bado upo kidogo. Hicho nameza baada ya chakula cha usiku. Kwenye mashine nalala fofofo, wananiamsha wakati wa kuchomoa sindano. Nikifika nyumbani nalala tena hadi alasiri, kisha nashona mpaka saa nne usiku na kikombe cha chai ya rangi pembeni.

Swali ni moja: dawa gani ya usingizi inamfaa mtu wa mashine? Duka la dawa hapa wanasema wana Valium. Na jambo la pili, sijui nilisemeje. Kiti cha jirani yangu kina mtu mwingine sasa. Tangu hapo nikikaribia kupotelea usingizini nashtuka.

Baba Tatu

Pole mkuu. Kungumanga! Kwangua moja nzima kwenye maziwa ya moto, kunywa, utaamka adhuhuri. Hizo dawa za hospitali mnajiongezea sumu tu.

Shangazi wa Kiti cha Dirishani

Kaka yangu, usitie mdomoni Valium wala kungumanga kabla hujanisoma. Baba Tatu, kungumanga nzima ni sumu hata kwa mwenye figo zake mbili, na maziwa sisi tunapimiwa kwa sababu ya fosforasi, madini yanayorundikana kwenye damu figo zikifeli. Nia yako ni njema, lakini hapana.

Mimi niko kwenye mashine tangu kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza figo mwaka 2017, enzi ambazo mwenye uwezo alikuwa anapelekwa India na sisi wengine tunabaki na viti vyetu. Kukosa usingizi nimekula nako sahani moja. Nikwambie ninachokiamini: mtu wa mashine anayesema "silali" hana ugonjwa mmoja. Wewe umeandika minne na umeomba kidonge kimoja.

Anza na hiyo Piriton. Unaimeza kwa muwasho, lakini dawa za jamii hiyo, zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, huwa zinazidisha miguu isiyotulia. Vivyo hivyo metoklopramidi, ile wanayotupa kwa kichefuchefu. Mimi nilikuwa natembea ukumbini usiku mzima, mlinzi wa jirani akaniuliza kama nimefiwa. Daktari alipoangalia orodha ya dawa zangu, cha kwanza alichofuta ni dawa za namna hiyo. Halafu akaagiza kipimo cha akiba ya madini chuma, wanakiita feritini. Yalikuwa chini. Wakanipa madini chuma kwa mshipa nikiwa palepale kwenye mashine, na miguu ikapungua ukali kidogo kidogo.

Muwasho nao una mzizi wake. Fosforasi ikipanda mwili unawasha, na kwa mtu wa Pwani adui anajulikana: dagaa, maharage ya kila siku, soda nyeusi, supu ya mifupa. Kama umepewa vidonge vya kalsiamu vya kukamata fosforasi, vitafune katikati ya chakula. Nawajua watu wanaovimeza saa ya kulala, tumbo tupu, halafu wanalalamika havifanyi kazi. Vitakamata nini humo? Ngozi yenyewe ioshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na ipake mafuta ikiwa bado na unyevu. Kucha fupi. Hasa mkono wa fistula, usije ukauchubua usingizini, na usiulalie.

Sasa kulala kwenye mashine. Jumlisha mwenyewe: kwenye kiti masaa manne, nyumbani mchana mpaka alasiri, chai ya rangi mpaka saa nne usiku. Usiku wako umeshaulala mchana! Mimi kwenye kiti najiruhusu kusinzia kidogo mwanzoni, kisha redio sikioni na mazoezi ya miguu: nainua visigino, nashusha, nabana mapaja, naachia. Fanya saa mbili za mwanzo tu, baadaye presha inaweza kushuka. Manesi walinicheka, sasa wanawaambia wagonjwa wapya wanitazame. Nyumbani najilaza nusu saa na simu inaniamsha.

Kuhusu kiti cha jirani. Kwangu aliyeondoka alikuwa kaka mmoja aliyependa sana kunitania juu ya soksi zangu. Kile kishindo cha kushtuka nakijua. Mimi kilichonisaidia ni kumwambia dada wa ustawi wa jamii pale kitengoni, ana kwa ana, bila kujifanya shujaa. Alikuwa ameshasikia mengi kuliko nilivyodhani, na alinipangia kuonana na daktari wa afya ya akili. Sikupewa kidonge, nilipewa nafasi ya kuongea. Mwambie na mkeo pia. Amehama chumba akidhani ni miguu tu.

Mvita 7

Salamu kutoka Mombasa. Shangazi kasema kweli tupu, mimi naongeza moja. Mke wangu alinirekodi kwa simu nikilala. Nakoroma, halafu kimya, kimya kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Nikampelekea daktari ile rekodi, akasema pumzi yakatika usingizini, na kwetu sisi wa mashine hutokea sana kwa sababu maji ya miguuni hupanda shingoni ukijilaza. Hicho "kushtuka nikipotelea usingizini" chako yaweza kuwa hofu, yaweza pia kuwa hiki. Mwambie mama watoto alale nawe usiku mmoja arekodi.

Mimi nimeweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kitanda kizima kimeinama. Ni afadhali kuliko mito, mito yavunja shingo. Mashine ya kupumulia ya usiku ni ghali, bado naitafuta. Na Valium mtu wa namna hii asiiguse, hulegeza koo na kuzubaisha pumzi, ukashindwa hata kushtuka.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, sitasema wapi. Fundi, kuna sentensi mbili zako zimenitia wasiwasi kuliko miguu, na hakuna aliyezigusa.

Ya kwanza: ukilala chali pumzi haitoshi. Hayo ni maji. Kati ya Ijumaa na Jumatatu ndipo pengo lenu refu lilipo, kwa hiyo Jumapili usiku ndiyo kilele. Kilo nne kwa mtu wa kilo 61 ni nyingi mno, na njia ya kuzipunguza siyo kuvumilia kiu. Punguza chumvi, maana chumvi ndiyo inayoita maji: chumvi ya mezani, viungo vya pakiti, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, chipsi za barabarani. Kikombe cha chai nacho ni maji, kihesabu. Ila pumzi ikikubana hata umekaa, usisubiri gari la saa tisa. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo na useme mlangoni kwamba wewe ni mgonjwa wa mashine.

Ya pili ni suruali. Umezibana kiuno, lakini uzito mkavu ni uleule wa mwaka jana. Ukikonda, nyama inaondoka na maji yanachukua nafasi yake, mizani inasoma 61 ileile. Yaani tukikushusha mpaka 61 huenda bado tunakuacha na maji ya ziada kila siku. Mwambie daktari wako maneno hayohayo ya suruali, tena vaa mojawapo uende nayo aone. Uzito mkavu unapaswa kupitiwa upya mara kwa mara. Huwa unashushwa taratibu, kwa sababu tukivuta mengi kwa mkupuo misuli inakubana na presha inaanguka. Hapo utofautishe: misuli kubana ni nundu ngumu yenye maumivu makali kwenye kigimbi, mara nyingi mwishoni mwa mashine. Chako cha usiku kinachotulia ukitembea ndiyo miguu isiyotulia.

Kidonge cha kukojoa, muulize daktari kama unaweza kukihamishia asubuhi. Kinakuamsha bure.

Mtasikia pia gabapentini, inasaidia miguu na muwasho kwa pamoja. Ni kweli, lakini msinunue dukani. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, na nyie hamnazo. Kwa mtu wa mashine daktari huanza na dozi ndogo sana, mara nyingi baada ya mashine tu. Nimeshapokea mgonjwa aliyemeza dozi ya jirani yake mwenye maumivu ya mgongo, akaletwa amelewa, anayumba, mikono inarukaruka.

Na kwa wa Pwani na Visiwani, lile tunda linalokatwa likawa nyota, ndugu yake birimbi, msilionje kabisa. Lina sumu ambayo figo zilizofeli haziwezi kuitoa. Kwikwi isiyokoma, kukosa usingizi, kuchanganyikiwa, degedege. Watu wamekufa nalo.

Baba Tatu

Nimesoma yote. Kungumanga nimeifuta akilini. Mama yangu mdogo yuko mashine Morogoro, namtumia huu uzi sasa hivi.

Fundi wa Mlandizi

Shikamoo Shangazi, na ahsanteni wote. Nimetoka mashine jana na suruali nilivaa, ile ya kijivu. Daktari aliingiza vidole viwili kwenye mkunjo niliobana akacheka, halafu hakucheka tena. Amenipiga picha ya kifua, kasema uzito mkavu utashushwa nusu kilo, tusubiri, kisha nusu nyingine. Piriton imefutwa. Kidonge cha kukojoa ni asubuhi. Damu ya feritini imechukuliwa pamoja na ya fosforasi. Nimeomba kuhamia shifti ya mchana, nimewekwa kwenye orodha, wapo wengi mbele yangu.

Miguu bado inakanyaga, nisidanganye. Mke wangu jana usiku alikuja na simu yake kurekodi, akasinzia kabla yangu.

Shangazi, chai ya rangi naruhusiwa walau asubuhi?

Shangazi wa Kiti cha Dirishani

Marahaba kaka. Asubuhi kikombe kimoja kidogo, na ukiandike kwenye hesabu ya maji. Kama unameza vidonge vya madini chuma usivisindikize na chai, inavizuia visifyonzwe. Na huyo mkeo asiambiwe arudi kwa watoto, hata kama amesinzia.

Nesi wa Zamu

Majibu ya feritini yakitoka uliza pia tarehe uliyopewa sindano ya madini chuma mara ya mwisho. Ikipimwa siku chache tu baada ya sindano inasoma juu kuliko hali halisi, na utaambiwa unayo ya kutosha wakati huna.