Mahindi yanajikunja huku Kibaigwa

*Mama Neema:* Mbukwenyi majirani. Leo siku ya kumi mvua imekatika. Ikifika saa tano mahindi yanajikunja, na majani ya chini yana njano. Nimwage urea (mbolea ya naitrojeni) kesho?

*Bwana Shamba:* Mbukwa mama. Usimwage. Kwenye udongo mkavu haifiki kwenye mizizi, na ikilala juu ikapata umande inapotea hewani kama amonia. Ni hela imetupwa kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi majani yanakuwaje?

*Mama Neema:* Yamefunguka.

*Bwana Shamba:* Basi usiku yanajirudi. Mchana yanabana maji tu. Ukiyakuta yamejikunja alfajiri, hapo udongo umeishiwa.

*Baba Chiku:* Njano inaanzia wapi dada? Ikianza nchani na kushuka katikati ya jani kama V, ni upungufu wa naitrojeni. Ikitambaa pembeni mwa jani ni potasiamu, na hapo urea haisaidii.

*Mama Neema:* Nchani, inashuka katikati. Mahindi yako kiunoni, mbelewele (maua ya juu) bado.

*Bwana Shamba:* Naitrojeni hiyo. Muda upo. Mvua ikirudi, chimba kwa jembe uone unyevu umefika sentimita 15. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Urea kifuniko kimoja cha soda kila shimo, sentimita 10 kutoka kwenye shina, ufukie palepale. Mfuko wa kilo 50 unatosha.

*Bwana Shamba:* Wenye mbelewele tayari ndio wananitia wasiwasi. Ukame unachelewesha ndevu za hindi, chavua inamwagika kabla hazijatoka, unavuna magunzi yenye mapengo. Fungeni matuta sasa, kizuizi cha udongo kila mita 2, mvua ya kwanza isikimbilie korongoni.

*Shangazi Rehema:* Na soya wanangu? Zinaangusha maua.

*Baba Chiku:* Shikamoo shangazi. Soya huchanua wiki kadhaa, itatoa mengine. Hatari ni ukame wakati mbegu zinajaa. Chimbua mche mmoja (usiung'oe), pasua vinundu vya mizizi. Ndani vikiwa vyekundu vinafanya kazi, urea ya nini? Vikiwa vyeupe au kijani, havitengenezi naitrojeni.

*Mama Neema:* Kuna majani ya mahindi yametoboka, na moyoni mwa mmea mna uchafu kama vumbi la randa.

*Bwana Shamba:* Viwavijeshi vamizi. Hakikisha: kichwani Y iliyopinduka, karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba. Kagua vituo vitano, mimea 10 kila kituo. Kwa kimo hicho, ikishambuliwa 20 kati ya 50, piga dawa. Jioni, nozeli ielekee moyoni mwa mmea. Kiwavi mkubwa hujificha chini ya kinyesi chake, dawa haimfikii, kwa hiyo usichelewe.

*Mama Neema:* Nakagua kesho alfajiri. Nani ana bomba la kupigia dawa la lita 16?

*Baba Chiku:* Lipo kwangu. Halijawahi kutiwa dawa ya magugu, chukua hilo.