MREJESHO: Nguo ya kufanyia mazingaombwe Forodhani

Wakuu, niliuliza nivae nini nikifanya mazingaombwe jioni pale Forodhani, Unguja: suti nyeusi au kanzu? Asanteni mno, hasa aliyesema kizibao juu ya shati la pamba. Nimekivaa Ijumaa na Jumamosi. Suti ingenimaliza kwa joto, na kanzu niliijaribu kibarazani, upepo wa kaskazi ukaijaza kama tanga. Mifuko ya kizibao iko pale pale mkono unapopita, sarafu inazama bila mtu kushtuka. Ndani ya mfuko mmoja nimeshonea kipande cha jinzi usilegee, karata zinasimama wima. Mikono ya shati naikunja hadi viwikoni. Watoto wakiona hakuna kitu, wanasogea karibu kabisa. Mchezo wa kamba nimeuacha kwanza, upepo unaiyumbisha kamba.