Mjadala: Je, filamu ya Willy Wonka ya mwaka 1971 iliwatendea haki Oompa-Loompa kwa kuwabadilisha rangi?

Hoja iliyo mezani inahusu filamu ya Willy Wonka & the Chocolate Factory iliyotoka mwaka 1971, ambamo Oompa-Loompa, yaani wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti cha tajiri Willy Wonka, waliokuwa Waafrika katika kitabu kilichozaa filamu hiyo, walionekana wakiwa na ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba mabadiliko yale yalifuta kosa la kitabu na hakuna haja ya kulifukua, na wapo wanaoona kwamba filamu ya vichekesho ya watoto haistahili kuulizwa maswali ya aina hii hata kidogo. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Mwandishi wa kitabu hicho, Roald Dahl, alichapisha Charlie and the Chocolate Factory nchini Marekani mwaka 1964. Katika toleo hilo Oompa-Loompa ni mbilikimo weusi kutoka ndani kabisa ya misitu ya Afrika, waliosafirishwa hadi kiwandani katika makasha yaliyotobolewa matundu, na ujira wao ni mbegu za kakao. Mchangiaji mmoja amemtetea mwandishi kwamba aliwaandika watu asiowajua. Utetezi huo haumsaidii, kwa sababu Dahl aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1938 hadi vita vilipozuka mwaka uliofuata, akajifunza Kiswahili, na akahudumiwa nyumbani na Waafrika aliozungumza nao kila siku. Alijua vizuri kwamba watu hao wana majina yao, na kwamba wana la kusema kuhusu malipo ya kazi yao.

Filamu ilipokuwa inaandaliwa, Wamarekani weusi walilalamika, ikiwemo NAACP, jumuiya inayotetea haki zao, na mwongozaji Mel Stuart akaamua kuwapaka waigizaji rangi isiyo ya binadamu yeyote. Kitabu nacho kilirekebishwa mwaka 1973: ngozi ikawa nyeupe, nywele zikawa za kahawia ya dhahabu, na kwao kukawa Loompaland. Makasha yenye matundu, hata hivyo, yalibaki. Ilibaki pia ile sehemu ambapo Wonka anaeleza kwamba chingamu yake aliwajaribishia Oompa-Loompa ishirini, na wote ishirini wakaishia kuwa matunda. Kwa hiyo kilichoondolewa ni rangi tu, na mpangilio wenyewe wa kazi, yaani watu waliohamishwa kutoka kwao, wanaoishi ndani ya kiwanda bila kutoka nje, na wanaofanyiwa majaribio na tajiri wao, haukuguswa.

Kwa wanaosema hizi ni hadithi za watoto tu, nawakumbusha filamu hii ilitokana na nini. Fedha zake, kiasi cha dola milioni 3 hivi, zilitolewa na kampuni ya vyakula ya Quaker Oats, iliyotaka kuingiza sokoni chokoleti yenye jina la Wonka, na ndiyo maana jina la Wonka likachukua nafasi ya jina la Charlie, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu wa kitabu, katika kichwa cha filamu. Kazi iliyogharimiwa ili kuuza chokoleti haiwezi kudai kinga pale inapoulizwa ni nani anayeitengeneza chokoleti hiyo, hasa mbele yetu sisi ambao kakao inalimwa kwetu, Kyela nchini Tanzania na Bundibugyo nchini Uganda.

Pamoja na hayo, siungi mkono wanaotaka ikatwe au ifichwe. Filamu ina ubora wake, na ubora huo ndio unaotupa njia ya kuihoji. Gene Wilder alikubali kumwigiza Wonka kwa sharti kwamba atokee mara ya kwanza akichechemea na mkongojo, kisha aanguke mbele ya umati, abingirike, na asimame mzima. Alitaka kuanzia hapo mtazamaji asijue kamwe kama Wonka anasema kweli au anadanganya. Sasa itazameni kwa makini sehemu ambapo Wonka anawatambulisha Oompa-Loompa. Anasimulia jinsi alivyowaokoa kutoka nchi ya kutisha yenye wanyama wakali, na mama mmoja miongoni mwa wageni wanaotembezwa kiwandani anapoanza kusema kwamba yeye ni mwalimu wa jiografia, Wonka anamkatiza: kama ni hivyo, basi anaijua nchi hiyo na ubaya wake wote. Mama hapati nafasi ya kumalizia. Mtoto wa miaka tisa akiulizwa hapo, "Unadhani mwalimu alitaka kusema nini?", atajibu mwenyewe, na atajifunza mengi kuliko ambavyo angejifunza kutokana na toleo lililosafishwa kimyakimya.

Mwaka 1971 filamu haikuvuma sana kwenye kumbi za sinema, na Dahl mwenyewe hakuipenda. Televisheni na kanda za video ndizo zilizoikuza, hadi mwaka 2014 ikaingizwa katika hifadhi ya kitaifa ya filamu ya Marekani. Itaendelea kutazamwa, tutake tusitake.

Kuna haki nyingine ambayo mjadala huu umeisahau, nayo ni ya waigizaji. Mwaka 1971 Oompa-Loompa walikuwa watu kumi wa kimo kifupi, kila mmoja na uso wake. Katika filamu ya Tim Burton ya mwaka 2005 wote walikuwa mtu mmoja, Deep Roy, mzaliwa wa Nairobi, aliyerudufiwa kwa kompyuta. Katika filamu nyingine, Wonka ya mwaka 2023, nafasi hiyo akapewa Hugh Grant, mtu wa kimo cha kawaida, akapunguzwa kwa kompyuta, na waigizaji wa kimo kifupi wakalalamika kwamba hata nafasi chache walizokuwa nazo zinawaponyoka. Wale wanaosisitiza kwamba suala la Oompa-Loompa lilimalizwa na kopo la rangi wawajibu kwanza waigizaji hao.